Mfarishi Juu ya Seva

Pale kituoni wote walimwita Bwana Kimya, ingawa hakuwa mkimya hata kidogo. Alikuwa msemaji, tena wa kuchosha. Jina lilitokana na neno alilolisema mara arobaini kwa siku, kichwa kimechomoza mlangoni, macho yamemtoka, kidole mdomoni: "Kimya!" Aliwahi kumwambia hivyo mgeni wa heshima katikati ya hotuba yake. Aliwahi kutoka nje kumnyamazisha jirani mwenye jogoo, na jirani alipokataa akamgeukia jogoo mwenyewe.

Ukiijua kazi yake unamsamehe. Kituo kilirekodi vitabu kwa ajili ya wasioona. Msomaji anaketi katika chumba kidogo ambacho kuta zake zimebandikwa trei za mayai na mazulia makuukuu, anasoma kitabu kwa sauti kutoka jalada hadi jalada, na Bwana Kimya anakaa upande wa pili wa kioo, hedifoni masikioni, akiwinda kelele. Kikohozi, kiti kinacholia, pikipiki barabarani, vyote alivikata baadaye kimoja kimoja. Mwisho wa yote msikilizaji anabaki na sauti ya msomaji tu, safi, kana kwamba dunia nzima imetoka nje kwa adabu.

Na kila kelele aliyoisikia aliiandika. Alikuwa na daftari dogo lililokaa mfuko wa shati, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: KELELE. Ndani yake ungesoma: "Jogoo, ukurasa 14." "Tumbo la msomaji, ukurasa 63. Hajala." "Mkurugenzi akicheka peke yake ofisini, ukurasa 101." Alikuwa amejaza madaftari saba ya namna hiyo. Ukimuuliza ya nini, anakujibu "kumbukumbu," kisha anabadilisha mazungumzo, kwa sababu mwenyewe hakujua.

Msomaji bora kuliko wote pale alikuwa mke wake. Watu walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wao wawili, ambao sasa ni watu wazima na wana maisha yao mbali. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na alipostaafu akahamia kwenye kile chumba cha trei za mayai, akasoma vitabu arobaini na kimoja kwa muda wa miaka sita. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, tulivu, yenye mamlaka. Mkurugenzi wa kituo, ambaye haoni tangu utotoni na huwapima watu wote kwa masikio, alikuwa akisema kwamba Mama Pacha akisoma hata orodha ya vipuri vya baiskeli utataka kujua mwisho wake.

Mwanzoni mwa mwaka koo likaanza kumuuma. Hospitali wakakuta uvimbe, wakapanga kumpasua Jumatatu moja, wakamwambia bila kumzungusha kwamba uhai wake watauokoa ila sauti hawamwahidi. Wakati huo alikuwa katikati ya riwaya nene ya kurasa mia nne na kumi na nane. Akaimaliza Ijumaa. Jumatatu akapasuliwa, akapona, na daktari akamwamuru anyamaze wiki sita.

Wiki sita zilipita, na nyingine sita juu yake. Sauti iliyorudi ilikuwa ya kukwaruza, nyembamba, haina hata chembe ya ile ya zamani. Nyumbani alitoa neno moja moja kwa mumewe, pale alipochoka kuandika. Mbele ya watu wengine hakufungua mdomo. Alitembea na kibao cheupe na kalamu ya wino wa kufutika, na kila alichotaka kusema alikiandika kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka. Alikuwa hajakanyaga kituoni tangu siku ile ya mwisho.

Bwana Kimya naye alikuwa na lake. Kile kitabu cha mwisho, chenye kurasa alizozisoma wiki ile ya mwisho, hakuwa amekisafisha. Kila akivaa hedifoni ili aanze, alikumbuka shughuli nyingine. Amelainisha bawaba za milango yote ya jengo, amepanga nyaya kwa urefu, amefua mazulia ya ukutani. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza kitabu cha Mama kinatoka lini, naye akawajibu kwamba kuna matatizo ya kiufundi. Ulikuwa uongo. Ukaja kuwa kweli Jumanne moja, saa nne asubuhi.

Mkurugenzi ndiye aliyelijua kwanza. Alikuwa ofisini kwake akinywa chai, akaweka kikombe chini, akainua kidole.

"Kuna kitu kimekata," alisema.

"Kimekata nini?" aliuliza dereva wa kituo, aliyekuwa amekaa pale akisubiri kutumwa.

"Ile ngurumo ya stoo. Haipo."

Stoo ilikuwa kijichumba cha mifagio kilichopakana na chumba cha kurekodia. Humo ndimo lilimokaa sanduku la chuma lenye ukubwa wa sanduku la safari, na hiyo ndiyo seva, kompyuta ya kuhifadhia rekodi. Bwana Kimya alikuwa ndiye mlinzi wake, kwa utaratibu uleule wa ofisi zote ndogo: anayejua kuunganisha nyaya ndiye mtaalamu wa kila chenye umeme. Alikimbia, akafungua mlango, akafunua pembe ya kifuniko chake, akaona taa zote zimezimika ila mbili, na hizo mbili za rangi ya chungwa. Akaizima, akaiwasha. Kioo cha kompyuta kikamwandikia sentensi moja ya maneno ya kitaalamu ambayo alielewa sehemu yake ya mwisho tu, ile iliyosema haipatikani. Akaketi juu ya ndoo.

Inafaa ujue kilichokuwa humo. Zamani kituo kilitoa vitabu kwenye kanda, baadaye kwenye sidii, lakini kwa miaka sita wasikilizaji wamekuwa wakisikiliza kwa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye seva. Vitabu vya wasomaji wa zamani vilikuwepo kabatini, vimekwaruzika lakini vipo. Vya Mama Pacha, vyote arobaini na viwili ukihesabu na kile cha mwisho, vilikuwa ndani ya lile sanduku, na sauti yake haikuwepo mahali pengine popote duniani, hata kooni mwake mwenyewe.

"Lakini tuna nakala ya akiba," alisema Mkurugenzi, aliyekuja akipapasa ukuta. "Nakumbuka uliniambia tuna nakala."

"Tunayo," alisema Bwana Kimya.

"Iko wapi?"

Bwana Kimya alilitazama sanduku. "Humo."

"Humo ndani?"

"Nilitaka ikae mahali salama."

Dereva alisema kwamba shemeji yake aliwahi kuwa na kompyuta iliyokufa hivyohivyo, wakaiweka kwenye friza, ikafufuka. Alipoulizwa ilikuwa kompyuta ya namna gani akakumbuka kwamba ilikuwa redio. Basi akapendekeza wakipige sanduku kofi ubavuni, kofi la wastani. Mkurugenzi akamtuma posta, ingawa hakukuwa na barua.

Jioni ile Bwana Kimya alirudi nyumbani akiwa amejikaza kisabuni. Mama Pacha alikuwa mezani na kibao chake. Aliandika: KAZINI VIPI?

"Salama kabisa," alisema Bwana Kimya, akakohoa.

Mama Pacha alimtazama muda mrefu kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliodai kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi. Akafuta, akaandika: MFARISHI WANGU UKO WAPI?

Hilo lilikuwa swali la kila wiki. Mama Pacha alikuwa na mfarishi wa wageni, shuka nene lililojazwa pamba, lenye maua mekundu, alilolishona kwa mkono wakati wa mimba ya mapacha. Ulikuwa umetoweka nyumbani tangu wiki ile kabla ya kupasuliwa. Bwana Kimya kwa miezi mitatu alikuwa amesema uko kwa dobi, kisha dobi amehama, kisha dobi amepatikana lakini ni mgonjwa.

"Dobi anaendelea vizuri," alisema safari hii. Mama Pacha akaandika MWONGO, akakiegemeza kibao kwenye jagi la maji ili kikae kinamtazama mpaka amalize kula.

Kesho yake asubuhi alifika mtaalamu, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye mkoba mkubwa mgongoni na sauti ya mtu aliyezoea kuita habari mbaya kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kufufua diski zilizokufa.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Bwana Kimya. "Kabla sijagusa, niambie umefanya nini tangu ilipokufa."

"Nimeizima na kuiwasha."

"Mara ngapi?"

"Chache."

"Chache ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Bwana Kimya.

Mtaalamu alivuta pumzi, akafungua mlango wa stoo. Sanduku la chuma halikuonekana. Kilichoonekana ni mfarishi wenye maua mekundu, umezungushwa mara mbili na kufungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, kama mgonjwa wa homa.

"Hii ni nini?"

"Mfarishi."

"Naona ni mfarishi. Unafanya nini hapa?"

"Unapunguza kelele," alisema Bwana Kimya. "Feni zake zinaingia kwenye kurekodi."

Mtaalamu alifungua kamba, akaweka kiganja juu ya chuma. Seva ilikuwa imezimwa tangu jana, na bado ilikuwa na uvuguvugu. "Mzee," alisema taratibu, "mmeipika."

Akatoa diski zote sita, moja moja, akizibandika namba, akazipanga mezani kwenye chumba cha kurekodia juu ya taulo. Wakati akifanya kazi alieleza, na alieleza vizuri. Diski hizi sita zimegawana kila kitu, alisema. Kila kitabu kimekatwa vipande vikasambazwa kwa zote, pamoja na hesabu ya ziada, ili moja ikifa, zile tano zilizobaki zipige hesabu na kujua marehemu alikuwa amebeba nini. Zikifa mbili, hesabu haifungi tena. Na vitabu vyenyewe vilikuwa ndani ya seva pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma, inayoishi ndani ya hii ya chuma kama faili moja kubwa. Faili hilo likipatikana zima, vyote vimepatikana. Likikosa vipande, huenda kisifunguke kitu.

"Kwa hiyo ni kitabu ndani ya kabati, na kabati ndani ya nyumba," alisema Mkurugenzi, "na nyumba ndiyo imeanguka."

"Ndiyo, mkuu. Na kati ya sita walioibeba, wapo waliokufa. Hatujui ni mmoja au wawili."

Alianza kuzipima. Kila alipoiwasha moja, Mkurugenzi aliinamisha kichwa na kusikiliza, akifurahia waziwazi kuwa na kazi ambayo wengine hawaiwezi. "Namba moja, nzima," alitangaza. "Namba mbili, nzima kabisa, hiyo inapumua kama mtoto. Tatu, nzima. Nne, nzima. Tano... ah, tano ana kigugumizi. Tk, tk, tk. Na sita ana huzuni fulani."

"Sita bado sijaiwasha," alisema mtaalamu. "Hiyo ni friji ya jikoni."

Lakini kuhusu namba tano alikuwa sahihi. Zile nyingine zote zilipimwa zikaonekana nzima. Mtaalamu akapangusa mikono kwenye suruali na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Mna bahati," alisema. "Mgonjwa ni mmoja tu. Tutamwacha huyo namba tano apumzike, maana nikimlazimisha kusoma atakufa mikononi mwangu. Tunachukua tano zilizobaki, tunapiga hesabu, mchezo umekwisha."

Mkurugenzi akapiga makofi. Bwana Kimya hakupiga. Mtaalamu naye alibaki amesimama, uso umekunjamana.

"Ila kitu kimoja sikielewi," alisema. "Ikifa moja, seva haizimiki. Inaendelea, inapiga mlio tu kuwaambia. Hii imezimika. Niambieni, kuna siku yoyote ilipiga mlio?"

"Hapana," alisema Mkurugenzi. "Mlio upite hapa nisiusikie?"

"Nauliza kwa sababu hii. Diski inaweza kufukuzwa kundini kwa kosa dogo, ikakaa pembeni miezi, wenzake wanaandika yeye haandiki. Leo ukiipima inaonekana nzima. Ila iliyomo ndani ni habari za zamani. Nikiichanganya na hizi nyingine, kila kilichoandikwa baada ya siku hiyo kitatoka kelele tupu. Na siwezi kuijua kwa tarehe, maana saa ya mashine hii inadhani tuko miaka kumi iliyopita."

"Na kama ipo?" aliuliza Bwana Kimya.

"Kama ipo, huyo ndiye tunamwacha, na tano tunamwamsha kwa nguvu, tunamsoma mara moja ya mwisho kabla hajafa. Lakini lazima nijue sasa. Kila saa inayopita anazidi kudhoofika. Sitamwua mgonjwa kwa kubahatisha."

Zile trei za mayai zilikuwa zimefanya kazi yake vizuri mno, Bwana Kimya akasikia moyo wake mwenyewe. Daftari lilikuwa mfukoni, juu ya moyo huohuo. Alijua kilichoandikwa humo, na alijua kwamba akinyamaza atabaki fundi mwaminifu wa miaka mingi aliyepatwa na ajali ya mashine. Vitabu vya zamani vitafufuka. Kile cha mwisho kitatoka mchangamchanga, na watu watasema ah, hilo nalo bahati mbaya. Mtu aliyewaambia wenzake kimya maisha yake yote alitambua kwamba neno lile sasa linamwita yeye, na kwa sekunde chache, niseme ukweli, alilitamani.

Kisha akatoa daftari, akalamba kidole, akafunua.

"Jumatano, tarehe kumi na nne," alisoma. "Ukurasa mia tatu themanini na nane. Mlio mwembamba, kila baada ya sekunde mbili. Chanzo, seva. Taa ya rangi ya chungwa, diski namba mbili. Dawa: kitufe." Akafunua ukurasa wa pili. "Alhamisi. Mlio umerudi. Dawa: kitufe, na mfarishi."

Bwana Kimya alifunga daftari.

"Nimeuzima mimi," alisema. "Mara ya kwanza na mara ya pili. Nilisema nitaita mtu wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilikuwa hospitali, nikasahau. Nimeiua mimi."

Mkurugenzi aligeuza uso upande wake. "Wiki ile mimi nilikuwa safari."

"Ulikuwa safari."

"Na ukurasa huo wa mia tatu themanini na nane, nani alikuwa anasoma?"

"Yeye," alisema Bwana Kimya. "Zilibaki kurasa thelathini. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kupasuliwa. Ningeita fundi wakati ule, wangezima kila kitu siku tatu. Angekwenda hospitali hajamaliza." Akapangusa macho kwa mkono wa shati, hakuona haya. "Sauti ilikuwa inamwisha hivihivi nikisikia. Kila ukurasa ilipungua."

Mkurugenzi aliongea kama mtu anayetafuta kitu cha kukasirikia na hakipati. "Ningekuwepo," alisema, "ningekushikia mfarishi ukiufunga." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na namba mbili nimesema anapumua kama mtoto. Jamani."

Mtaalamu hakuwa na muda wa hayo. Alikwisha kung'oa namba mbili, akaiweka mbali na wenzake kana kwamba itawaambukiza, akaichukua namba tano kwa mikono miwili. "Hakuna kugonga mlango," alisema. "Hakuna kukimbia koridoni. Mtikisiko mdogo tu na huyu amekwenda. Nahitaji utulivu siku nzima, pengine mbili. Kuna mtu anaweza kunisimamia hilo?"

Bwana Kimya alikuwa ameshatoka.

Watu wa mtaa ule wanazikumbuka siku mbili zile mpaka leo. Bwana Kimya alisimama barabarani kuanzia asubuhi hadi jioni, mikono imetanda. Mkokoteni wa mabati aliubeba yeye ubavu mmoja na mwenye mali ubavu wa pili, ukapita bila kusikika. Watoto wa shule walipita kwa vidole vya miguu, wakaambiwa kuna mgonjwa, nao wakaona ni kweli kwa jinsi alivyokuwa amekonda. Dereva alikatazwa kuwasha gari, akalisukuma mpaka kona ya mtaa. Jogoo wa jirani alialikwa rasmi nyumbani kwa Mkurugenzi, akakaa huko siku zote mbili akilishwa vizuri.

Namba tano alisoma kwa kigugumizi, akapumzika, akasoma tena. Siku ya pili alasiri, kikiwa kimebaki kipande ambacho mtaalamu alisema hakina maana kubwa, alitoa mlio mmoja wa bawaba isiyo na mafuta, akanyamaza moja kwa moja. Hawakumwamsha tena. Mtaalamu alizikusanya nakala za zile tano kwenye mashine yake na kuanza kupiga hesabu, na ikawa hakuna la kufanya ila kungoja hadi Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Bwana Kimya alimkuta mkewe amevaa, kibao mkononi, amesimama mlangoni. Kibao kilisema: NAMI NAKUJA. Kumbe Mkurugenzi, ambaye hawezi kukaa na jambo tumboni, alikuwa amempigia simu siku ileile ya kwanza na kumwaga mtama wote, huku akimwambia asijibu, asikilize tu.

Waliingia kituoni pamoja. Katika chumba cha kurekodia mfarishi wa maua mekundu ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kiti, una alama ya kuungua pembeni yenye ukubwa wa sahani. Mama Pacha aliutazama. Akautoa kitini, akaketi, akaupakata. Hakuandika kitu. Bwana Kimya alihisi angependelea aandike.

"Seva pepe imefunguka," alisema mtaalamu. "Mafaili nayaona. Ila kuona jina la faili si kuwa nalo, lazima tujaribu moja. Nipeni moja lililoandikwa baada ya ule mlio wa kwanza. Hilo likiwa zima, yote mazima."

Bwana Kimya alimwonyesha kwa kidole. Alhamisi, ukurasa wa mia tatu tisini na tisa. Rekodi ghafi, ambayo haijakatwa kitu. Mtaalamu akabonyeza.

Kwanza ulikuja uvumi wa feni. Halafu, ghafla na kwa ukaribu wa kushtua, sauti ikajaa chumba kizima, nzito, tulivu, imechoka kidogo: "'Hakubisha hodi. Aliweka mzigo chini, akasimama mlangoni akisikiliza watu wa ndani wakicheka, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba hawakuwa wakimsubiri.'"

Mkurugenzi alishika ukingo wa meza. Kisha ndani ya spika ukaja ule mlio wa seva, tii, tii, tii. Karatasi ikalia. "Baba Pacha, hicho kidudu kimeanza tena," ilisema sauti. "Kakizime, tafadhali. Zimebaki kurasa ishirini, na koo limebakiza kumi na tano." Hatua zikasikika, mlango ukafungwa.

Bwana Kimya alikumbuka dakika ile. Alikuwa amevua hedifoni, yuko stoo, anahangaika na kamba ya nguo. Kilichofuata hakuwa amekisikia kamwe.

Sauti ilikohoa, ikasema chinichini, kama mtu anayezungumza na kipaza sauti tu: "Ameondoka. Sasa anakwenda kufunika ile mashine na mfarishi wangu wa wageni. Nimemwona alfajiri akiupitisha dirishani, eti nimelala. Haya. Nitamuuliza kila wiki uko wapi, mpaka aseme mwenyewe." Kukawa na kicheko kifupi, kikaishia kwenye kikohozi. "Miaka thelathini na miwili mtu huyu ananiambia kimya. Jumatatu atakipata. Sijui maskini atakifanyia nini."

Mlango ukasikika. Sauti ya Bwana Kimya, kwa mbali: "Tayari?" "Tayari." "Basi, kimya!" Na ile sauti ikaendelea kusoma kwa utulivu uleule, kana kwamba haikuwa imesema lolote.

Mtaalamu alisimamisha rekodi. Bwana Kimya alikuwa analia, na alilia kwa kelele, mtu ambaye angeikata kelele kama hiyo kwa mtu mwingine bila huruma. Mama Pacha mabega yalikuwa yanamtikisika. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, na machozi yanadondokea kwenye maua mekundu.

"Limetoka zima," alisema mtaalamu, akijifanya anatafuta kitu mkobani. "Basi, hapo katikati, hayo maneno ya pembeni, nadhani mtayakata."

"Usiyakate."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, nyembamba. Mkurugenzi aligeuza kichwa haraka. Masikio yake yalimjua kila mtu pale ndani, yalijua hatua za kila mtu na pumzi zake, lakini hii hayakuijua.

"Nani huyo?" aliuliza. "Nani amesema?"

Bwana Kimya alifungua mdomo ajibu kwa niaba yake, kisha akaufunga. Mama Pacha alikiweka kibao chini sakafuni.

"Ni mimi," alisema. "Mama Pacha. Sasa ndiyo hii."

Mkurugenzi alivuta kiti chake, akakisogeza mbele mpaka magoti yao yakakaribiana, akainamisha kichwa kwa upande ule wa sikio lake zuri.

"Sema tena," alisema. "Sema chochote, nikuzoee."

Mama Pacha alifikiri. Akauinua mfarishi, akautazama ule mduara wa kuungua, akamgeukia mumewe.

"Huu," alisema, "unaufua wewe. Kwa mkono. Na huyo dobi mgonjwa, msalimie."

Nje jogoo wa jirani, aliyerudi kwake asubuhi ile, aliwika mara mbili. Bwana Kimya hakwenda mlangoni.